Waliotutangulia Kando ya Mto Naviundu



Kila mwezi wa Novemba unapofika, tunaandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi na kuyapeleka altareni. Tukiyasoma majina hayo tunaona jinsi kumbukumbu yetu ilivyo fupi. Baba, mama, babu, nyanya. Mara chache baba wa babu, yule aliyekuja kutoka Kasai, Luapula au Maniema kutafuta kazi ya mgodi au ya reli. Hapo orodha inakoma. Wengi wetu hapa Bel-Air tumekulia katika wazo kwamba kabla ya reli hapakuwa na kitu. Palikuwa na pori na vichuguu, kisha mwaka 1910 Wazungu wakapima avenyu zao, wakauita mji Élisabethville, na hapo historia ikaanza. Mwaka 1911 tanuru la kampuni likatoa shaba yake ya kwanza, na tangu siku hiyo tunasema kwamba sisi ni mji wa shaba.

Wazo hilo si la kweli. Ushahidi wa kulikanusha hauko Ulaya wala Kinshasa. Uko kando ya mto Naviundu, si mbali na nyumba zetu.

Katika bonde la mto huo wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya watu waliofanya kazi ya shaba, pamoja na vigae vya vyungu vyao. Makaa ya kale yakipimwa kwa njia ya kaboni hutaja umri wake, na makaa ya Naviundu yalitaja karne ya 4 baada ya Kristo. Tarehe hizo zilichapishwa mwaka 1984 na Dom Anciaux de Faveaux, mmonaki wa Kibenedikto, akishirikiana na Pierre de Maret, mtaalamu wa akiolojia kutoka Ubelgiji. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa kazi ya shaba katika sehemu hii yote ya Afrika. Kipushi nako wataalamu walichunguza mahali pa kuyeyushia shaba palipotumika karne nyingi baadaye, lakini bado karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kusajiliwa Bruseli.

Tuitafakari kidogo karne hiyo ya 4. Mwaka 325 maaskofu walikutana katika Mtaguso wa Nisea na kutunga msingi wa Kanuni ya Imani tunayoiungama kila Jumapili. Mwaka 354 alizaliwa Augustino huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, mwana wa Afrika ambaye Kanisa lote lingemfanya mwalimu wake. Basi katika karne ya Nisea na ya Augustino kulikuwa na watu hapa, kando ya maji haya haya, waliojua kulitofautisha jiwe la kijani na mawe mengine, kulipasha moto hadi likayeyuka, na kulifanya kuwa kitu cha thamani. Hatujui majina yao, nao hawakulijua jina la Yesu. Lakini katika mojawapo ya Sala za Ekaristi padri huwakumbuka hata marehemu ambao imani yao Mungu peke yake aliijua. Tunaposikia maneno hayo, fikira zetu hukimbilia nchi za mbali. Inatupasa tuzirudishe hapa nyumbani, chini ya miguu yetu.

Tunaposema juu ya wafua shaba, tunajenga picha ya kiwanda, kwa sababu tumekulia kwenye kivuli cha bomba refu la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho chini yake. Picha hiyo inatudanganya. Mfua shaba wa kale, kwa kadiri tunavyoweza kujifunza kutokana na desturi zilizodumu hadi nyakati za mababu zetu, alikuwa kwanza mkulima. Alikuwa na nyumba, ghala na shamba. Madini aliyashughulikia wakati shamba lilipompa nafasi.

Ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili tumeachiwa na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Kanisa la Katanga tangu mwaka 1910. Mwaka 1926 alichapisha makala yake juu ya wale walioitwa walaji wa shaba, yaani mafundi waliokuwa wakiishi kwa kazi ya madini. Alieleza jinsi kazi ilivyofanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Watu walihamia karibu na mlima wenye madini. Wanaume walichimba; wanawake na watoto walisaidia kuokota mawe na kuyaosha mtoni. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ule ule ambao leo tunaufyatulia matofali. Miti migumu ilichomwa kuwa makaa. Mivukuto ilipuliza moto, na shaba iliyoyeyuka ikamiminwa katika kalibu. Mvua zilipokaribia, watu walirudi kwenye mashamba yao.

Hatusemi kwamba watu wa Naviundu wa karne ya 4 walifanya yote hayo vivyo hivyo. Miaka 1,500 ni mingi, na desturi hubadilika. Wala hatufichi kwamba Monsinyori de Hemptinne alisimama karibu mno na utawala wa kikoloni, na kwamba katika mambo mengine wengi wetu hatuwezi kumfuata. Hata hivyo, kwa kuandika alichokiona, alitutunzia maarifa ambayo pengine yangepotea, na kwa hilo tunamshukuru. Maarifa hayo yanatusaidia kuuliza swali lililo sahihi. Tusiulize tu, „Kiwanda chao kilikuwa wapi?“ Tuulize pia, „Nyumba yao ilikuwa wapi? Walipika nini? Mtoto wao alicheza wapi?“

Swali la nyumba ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililotusukuma kuandika ukurasa huu.

Huko pwani ya Bahari ya Hindi, Kilwa au Gedi, watu wa kale walijenga kwa mawe ya matumbawe. Kuta zao zimesimama hadi leo, wageni huja kuzipiga picha, na hata mtoto mdogo akiziona anatambua kwamba hapa paliishi watu. Mkulima wa nchi yetu alijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba kama hiyo ni nzuri na yenye ubaridi, lakini ikiachwa misimu michache ya mvua inarudi ardhini. Kinachobaki si ukuta. Hubaki duara la udongo wenye rangi tofauti mahali palipokuwa na nguzo. Hubaki majivu na udongo mwekundu ulioungua mahali palipokuwa na mafiga. Hubaki shimo lililotupiwa takataka, vigae vya chungu, kipande cha mrija wa udongo uliopitisha hewa ya mivukuto, na yale mabonge meusi mazito ambayo Waswahili huyaita mavi ya chuma, ingawa hapa yametoka katika shaba. Mtu asiyefundishwa hupita juu yake bila kuona chochote. Na mtu mwenye beche, akiwa na haraka, hukifuta chote kabla ya saa sita mchana.

Hapa tufahamiane vizuri. Makabati ya makumbusho hujaa vitu vizuri, lakini kitu kilichong'olewa mahali pake kimepoteza zaidi ya nusu ya habari zake. Kigae kimoja mkononi mwa mtu ni kigae tu. Kigae kile kile, kikiwa bado kimelala karibu na makaa, na makaa yakiwa chini ya udongo ulioungua, kinaeleza nani alikuwa jirani wa nini na lini. Tarehe ya karne ya 4 isingepatikana kama mtu angekwisha kuyachota makaa yale na kuyamwaga kwenye shimo la barabara. Kwa sababu hiyo mlinzi wa kwanza wa historia ya mji huu si profesa. Ni kijana anayechimba msingi wa nyumba, anayefyatua matofali, anayechimba kisima au choo, anayesomba mchanga mtoni. Yaani ni ninyi, na ndugu zenu.

Kazi hizo zote zinaendelea kila siku. Mji wetu umepanuka kwa kasi, na pembezoni mwake parsele zinapimwa na kuuzwa hata mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na mashamba na mabwawa. Kichuguu kikubwa kilichosimama karne nyingi kinageuka tanuru la matofali katika msimu mmoja. Mto Naviundu wenyewe umeteseka. Watafiti waliopima maji ya bonde lake wamekuta metali nzito zinazotokana na kazi za madini za siku hizi. Tunaliona jambo hili kuwa chungu kwa namna ya pekee. Maji yaliyowanywesha mafundi wa kwanza wa shaba sasa yanabeba uchafu wa shaba.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliunganisha mambo haya mawili ambayo sisi tumezoea kuyatenga. Pamoja na urithi wa maumbile, alifundisha, uko urithi wa historia na utamaduni, nao pia unatishiwa. Ni sehemu ya sura ya kila mahali, na haiwezekani kuyatunza mazingira huku tukiikanyaga historia ya watu wake. Vikundi vyetu vya vijana vimeupokea vizuri upande wa kwanza. Tumepanda miti, tumefagia mifereji, tumeokota chupa za plastiki. Upande wa pili bado hatujaugusa.

Tunajua kwamba wapo wenye pingamizi, nao si watu wabaya.

Pingamizi la kwanza tunalisikia ndani ya Kanisa lenyewe, hasa katika baadhi ya vikundi vya maombi. Wanasema kwamba vitu vya kale vinavyotoka ardhini ni vya kipagani, vimefungwa kwa mapepo, na kwamba Mkristo akivikuta avivunje au avichome. Tungependa kujibu kwa upole, lakini bila kuzunguka. Chungu cha kupikia ni chungu cha kupikia. Mama aliyekifinyanga alikuwa anatafuta kuwalisha wanawe, kama mama zetu. Tena, hata pale ambapo kazi ya shaba iliambatana na sala kwa mababu na matambiko mlimani, jambo ambalo Monsinyori de Hemptinne mwenyewe alilishuhudia, Mkristo hatakiwi kuogopa. Mtakatifu Paulo alipofika Athene alikuta mji uliojaa sanamu. Hakushika nyundo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinatuambia kwamba alitembea akaangalia kwa makini, akasoma hata maandishi ya altare, kisha akaanzia hapo kusema habari za Mungu.

Kanisa letu la Kongo limekwenda mbali zaidi. Misa ya utaratibu wa Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaalika mwanzoni mwa adhimisho, pamoja na watakatifu, wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Sisi sote tumeitikia mwaliko huo kwa kupiga makofi na kucheza. Je, inafaa kuwaita wahenga asubuhi kanisani, na jioni kukitupa chungu chao jalalani? Tukumbuke lakini kwamba liturujia haisemi wahenga wote bila kubagua. Inasema wale wenye moyo mnyofu. Hatutaki kuwageuza watu wa zamani kuwa malaika. Shaba ya nchi hii ilikuja kusafiri katika njia zile zile zilizosafirisha pembe za ndovu na watumwa, na enzi ya Msiri huko Bunkeya, iliyokwisha kwa kifo chake mwaka 1891, iliwaachia wengine utajiri na wengine minyororo. Kuwaheshimu waliotutangulia ni kutaka kuwajua kama walivyokuwa.

Na kwa kuwa tumetaja kujua, turuhusiwe kusahihisha jambo moja dogo. Wengi wetu tunaupenda ule msalaba wa shaba wa Katanga. Tunauona shingoni mwa watu, kwenye vinyago vya malakiti vinavyouzwa mjini, na wazee wanaukumbuka kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 na kwenye sarafu za mwaka 1961. Mara nyingine tumesikia ikihubiriwa kwamba huo ni ishara ya Kristo, kwamba mababu walimtabiri Mwokozi kabla ya wamisionari kufika. Ni wazo tamu, lakini halina msingi. Umbo lile lilikuwa umbo la kipande cha shaba kilichomiminwa katika kalibu ili kibebwe, kihesabiwe na kubadilishwa. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi waliofukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na wengine baada yao, waliikuta misalaba hiyo pamoja na marehemu. Ya zamani ni mikubwa zaidi, na baadhi ilikuwa imelazwa kifuani. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na ya kufanana, ikawekwa karibu na mikono au kiunoni. Wataalamu wanasoma hapo safari ya kitu cha heshima kinachogeuka kuwa fedha.

Sisi tunaona kwamba ukweli huo ni mzuri kuliko hadithi ya kubuni. Watu waliomzika ndugu yao na kumtilia shaba mkononi walikuwa wanamtunza hata baada ya kifo. Imani yetu haihitaji kuwasingizia kwamba walikuwa Wakristo ili tuwaheshimu. Na habari hiyo yote, angalieni, imejulikana kwa sababu mtu fulani alipima kwa makini msalaba upi ulilala wapi juu ya mifupa ipi. Angekuja kwanza mtu wa kuokota shaba ili aiuze kwa kilo, leo tusingekuwa na la kusema.

Pingamizi la pili ni la mfuko, na ni zito zaidi. Familia imekusanya fedha miaka kumi, imenunua parsele, inachimba msingi. Vigae vinatoka. Nani atataka kupiga kelele? Baba wa nyumba anaogopa kwamba ofisa atakuja, kazi itasimamishwa, au kiwanja kitachukuliwa kwa kisingizio cha utamaduni. Katika nchi yetu hofu hiyo si ya kipuuzi, na hatuwezi kumhubiria mtu maskini uaminifu ambao wenye migodi mikubwa hawautimizi. Kijana anayefyatua matofali naye hulipwa kwa idadi ya matofali; akisimama nusu siku kwa ajili ya kigae, jioni watoto wake wanalala na njaa.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, nayo inagusa pia vitu vinavyovumbuliwa kwa bahati. Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002 nayo inamtaka mwenye kibali cha madini, akikutana na dalili za mambo ya kale, aijulishe mamlaka ya utamaduni. Lakini sheria isiyofahamika na mchimbaji ni karatasi tu, na kampuni ambayo hakuna jirani anayeiuliza haitajisumbua. Hapa ndipo tunapoona kazi ya walei. Hatuna madaraka ya kusimamisha mashine. Tuna macho mengi, tuna jumuiya ndogo katika kila avenyu, na tuna uwezo wa kwenda wengi pamoja mahali ambapo mtu mmoja angeogopa kwenda peke yake.

Familia ile ya parsele ikijua kwamba jumuiya yake itafuatana nayo, kwamba vijana wenye nguvu watakuja kurudishia siku iliyopotea kwa kuchimba bure upande mwingine wa kiwanja, hofu yake itapungua. Huo ni msaada wa jirani kwa jirani, kama tunavyosaidiana katika msiba au arusi. Na mara nyingi kinachohitajika si kusimamisha ujenzi. Ni kupata siku mbili au tatu za mtu anayejua kuangalia, kupima, kuchora na kuandika, kisha nyumba iendelee kujengwa. Mabaki mengi ya namna hii hayatahifadhiwa milele hapo yalipo, na hatudai hivyo. Mji wa watu walio hai una haki ya kuishi. Tunachodai ni kwamba yasifutwe kabla ya kusomwa.

Kwa hiyo, kijana, jembe lako likigonga kigae kimoja, endelea kwa uangalifu. Vigae viko kila mahali. Likigonga vigae vingi pamoja, au makaa yaliyolala tabaka moja na udongo mwekundu ulioungua, au mabonge meusi mazito, au mifupa, simama. Usivitoe. Usivioshe, udongo ulioshikamana navyo una habari zake. Piga picha ukiweka kando kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kalamu au sanduku la kiberiti. Andika siku, avenyu na kina cha shimo. Funika mahali hapo kwa turubai au hata kwa majani. Kisha mwambie mwenye parsele kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ni kwake, na msikubaliane jambo lolote nyuma ya mgongo wake. Pamoja naye nendeni kwa mkuu wa karitie, na kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi au kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu. Na ikiwa mmekuta mifupa ya mtu, mjulishe pia padri wenu, mkasali hapo. Msalieni kama mtu wa jirani aliyefariki jana.

Jambo moja tunaliomba kwa mkazo. Msiuze. Wapo watu wanaozunguka wakitafuta misalaba ya kale na vyungu vya Sanga ili wavipeleke ng'ambo. Bei wanayokupa ni ya siku moja, na kikishapanda ndege hakuna mtoto wa Katanga atakayekiona tena bila viza.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anawataja mmoja baada ya mwingine mkulima nyuma ya jembe lake, mhunzi aliyechomwa na joto la tanuru, na mfinyanzi aliyeinama juu ya udongo. Anakiri kwamba hawaalikwi katika baraza wala hawakai kwenye kiti cha hakimu, lakini bila wao hakuna mji unaoweza kukaliwa. Kazi ya mikono yao ndiyo sala yao. Inaonekana kwetu kwamba watatu hao wote waliishi kando ya Naviundu, na pengine katika nyumba moja: mkulima ambaye kiangazi kilimfanya mfua shaba, na karibu naye mikono iliyofinyanga vyungu. Vitabu vyetu vya shule vina majina ya magavana na ya wakurugenzi wa kampuni. Juu ya hao watatu vina mistari michache, au havina kabisa.

Tunawapendekezea basi viongozi wa Kiro, wa Skauti, wa Bilenge ya Mwinda na wa vikundi vya Kipaimara vya parokia zetu mambo mawili kwa mwaka huu. La kwanza, kila kikundi kitembelee Makumbusho angalau mara moja, na kabla ya kwenda kisome pamoja sura hiyo ya 38. Wengi wetu tumepita mbele ya mlango wake maisha yote bila kuingia. La pili, mvua zikiisha na mafundi wa matofali wakianza kazi mwezi wa Mei, vijana wawili wawili wapite kwenye vichuguu vinavyobomolewa na kwenye misingi inayochimbwa katika eneo la parokia yao. Wasiende kama mapolisi. Wapeleke maji ya kunywa, wawasalimu wanaofanya kazi, na wawaulize wamekuta nini. Mafundi hao wameona mengi kuliko sisi, na kwa kadiri tunavyojua hakuna aliyewahi kuwauliza. Majibu yaandikwe katika daftari moja la parokia, pamoja na mahali na siku, nalo litunzwe ofisini karibu na kitabu cha ubatizo.